Niliyoambiwa na Mtani

Mwaka niliofeli mtihani wa kuingia chuo cha biashara, watu wa mtaa wetu wa Likombe, Mtwara, walinipa pole huku wakinicheka. Pole kwa sababu nilifeli. Kicheko kwa sababu niliambiwa saa ya mtihani na sikuamini. Aliyeniambia alikuwa mtani wangu, kwa hiyo lazima nianze naye.

Alikuwa Mngoni wa Songea, Mkristo, mpakiaji wa bandarini, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Sisi Wamakonde na Wangoni ni watani. Kwake mimi nilikuwa mtumwa wake, mjukuu wa waliotoboa midomo. Kwangu yeye alikuwa mkimbizi aliyefukuzwa na Wazulu akaja huku kujidai shujaa. Shikamoo sikumpa hata siku moja, ingawa alilingana na baba yangu kwa umri. Asubuhi nilimwambia, "Umeamka, mkimbizi?" naye akanijibu, "Nimeamka, mtumwa wangu, mbona maji yangu ya kuoga siyaoni?" Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kasoro.

Na mtani hudanganya, ndiyo raha yake. Huyu aliwahi kumwambia mke wa mjomba kwamba maji ya bomba yanakatwa wiki nzima, yule mama akajaza hadi masufuria ya pilau. Mimi aliwahi kuniambia matokeo yetu ya kidato cha nne yamelowa majini melini na hayasomeki. Nililia, yeye akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo mniwie radhi, nyote mlionicheka.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba. Mama yangu alikuwa kijijini Mpapura na mihogo yake na mikorosho, baba alishaoa kwingine zamani. Kwetu hilo halikuwa jambo la kumfanya mtoto ajione yatima. Kwetu mtoto ni wa mama, na mkubwa wa mtoto ni kaka wa mama. Baba anazaa, mjomba anaulizwa. Ada yangu ya sekondari alilipa mjomba, tangu kidato cha kwanza, tena alinilipia mimi kwanza kabla ya kumlipia mwanawe wa kumzaa. Watu walimsifu kwa hilo msikitini na kwenye kijiwe cha kahawa. "Yule bado anaijua mila," walisema. Nami nilitembea kifua mbele, maana mjomba wa namna hiyo hakuwa wa kila mtu. Wakati ule wajomba wengi walishaanza kuwatazama zaidi watoto wao wenyewe.

Mwanawe, binamu yangu, tulimaliza shule pamoja. Tuliomba chuo kimoja, cha Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya daraja la Rufiji, na masika mtu wa Mtwara alifika Dar kwa meli au hakufika. Wasimamizi wa mtihani nao walikuja kwa meli. Tangazo lilisema Jumamosi, saa nane mchana, kwenye bwalo la shule moja ya mjini. Hesabu kwanza, halafu Kiingereza. Hesabu ndiyo iliyokuwa yangu. Binamu yangu hesabu zilimtoa jasho tangu darasa la tano, mimi ndiye niliyemfundisha.

Ijumaa jioni nikiwa naanua nguo, mtani akapita akitoka kazini.

"Mtumwa, lala mapema. Mtihani wenu umesogezwa, ni saa mbili asubuhi. Meli inaondoka mchana na wale mabwana wanataka kuondoka nayo."

"Kalewe mbele huko," nikamwambia.

"Nimebeba mwenyewe sanduku la karatasi zenu! Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Lile lililolowa?"

Akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikoniponza. Lakini sikuipuuza kabisa habari ile. Usiku tulipokaa kula nikamuuliza mjomba, mbele ya mke wake na binamu, kama amesikia lolote kuhusu mtihani kusogezwa.

Mjomba alimega ugali, akauchovya kwenye kisamvu, akala, ndipo akacheka. "Nani kakwambia? Huyo Mngoni? Mwanangu, Mngoni akikwambia jua limechomoza, toka nje ukahakikishe." Wote tukacheka. Mke wa mjomba akakumbushia masufuria yake. Binamu yangu alicheka pia.

Asubuhi binamu hakuwepo. Mke wa mjomba alisema amekwenda mjini mapema kumsindikiza rafiki yake bandarini, na tutakutana huko huko shuleni. Nikapiga pasi sketi yangu, nikapitia tena riba na asilimia, nikaoga taratibu kama bibi harusi. Nilifika shuleni mapema, kama nilivyodhani. Bwalo lilikuwa kimya, na limejaa watu wameinamia meza. Ubaoni waliandika: Hesabu, saa mbili. Hesabu ilishakwisha. Msimamizi mmoja alinihurumia, akanipa karatasi ya Kiingereza na muda uliobaki. Nilipokaa nikauona mgongo wa binamu yangu, safu ya mbele.

Tulipotoka aliniambia alisikia habari akiwa mjini asubuhi ile, na muda wa kurudi Likombe haukuwepo. "Halafu wewe si uliambiwa na mtani? Nilijua utakuja." Niliamini. Kwa nini nisiamini? Niliambiwa kweli, nikacheka mwenyewe. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Yeye alifaulu, si kwa kishindo, lakini alifaulu. Akapanda meli, mjomba akimlipia. Mimi nilibaki, na jina la "aliyeambiwa" likanikaa mtaani. Mtani wangu alipokuja kunipa pole nilimwambia, "Ungekuwa na sura ya mkweli ningekuamini. Hata mjomba hakuamini nilipomuuliza." Akanitazama, akaacha kutabasamu. Akauliza, "Ulimuuliza mjomba wako?" Nikasema ndiyo. Akasema mvua itanyesha, akaenda zake.

Mjomba alikuwa mwema kwangu miezi ile, mwema kupita kiasi. "Mwakani utarudia inshallah," alisema mwanzoni. Halafu akaninunulia cherehani, ya miguu, mpya. Halafu akawa hasemi tena habari ya kurudia, anasema habari ya kushona. Mimi mwenyewe nilishaamua sirudii. Nilikuwa naona aibu hata kupita mbele ya shule ile. Mtu aliyechezea bahati namna ile ana haki gani ya kuomba nyingine? Nikashona sare za wanafunzi na mapazia, nikajiambia ndiyo riziki yangu.

Kisha akafa bibi, mama mzazi wa mjomba na mama yangu. Tulimzika Mpapura. Siku ya kuanua tanga watani wakaja, na mtani wangu alikuwa kiongozi wao. Kwetu mtani ana kazi yake msibani: anaiga marehemu, anawakamata wafiwa kwa maneno, na hakuna wa kumzuia mpaka apewe kitu. Akajifunga kanga ya bibi, akashika bakora yake, akainama vile vile alivyoinama bibi, akaomba ugoro kwa sauti yake. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kushika mbavu.

Akaenda kwa mama yangu: "Wewe binti yangu, chumvi ya kisamvu ulinibania mpaka nimekufa." Kicheko. Akaenda kwa imamu, sitasema alimwambia nini. Halafu akasimama mbele ya mjomba.

"Na wewe mwanangu wa kiume," alisema kwa sauti ile ya bibi. "Mngoni alikukuta kwenye kahawa Ijumaa ile, akakwambia mtihani wa mjukuu wangu ni saa mbili asubuhi. Ukamshukuru, ukamlipia na kahawa. Usiku mjukuu wangu anakuuliza, unamwambia Mngoni muongo! Mimi naondoka, lakini hilo nimeliona."

Watu walicheka kama walivyocheka ya chumvi. Mjomba alicheka nao. Nilimtazama nikingoja amjibu, kwa sababu mtani hujibiwa, na mjomba alikuwa fundi wa kujibu. Alipaswa kusema, "Kahawa yenyewe hukuimaliza, mkimbizi wewe." Au aseme tu "Muongo!" Hakusema. Aliingiza mkono mfukoni haraka, akatoa pesa ya kuwatoa watani bila hata kubishana kiasi, na kila mtu anajua kutobishana na watani si kawaida.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nautumia msemo huo tangu shule ya msingi kwenye insha, nikidhani naujua.

Sikumuuliza mjomba. Sababu niliifahamu nikiwa nimesimama pale pale na sinia la ubwabwa. Tungefaulu wote wawili, mila ingemtaka anilipie mimi kwanza, na mwanawe angebaki. Sifa za msikitini zingemfunga. Kwa hiyo alitafuta njia ya kumpeleka mwanawe bila kuonekana ameivunja mila, na utani wa Mngoni ukampa njia. Hakusema uongo wowote mkubwa. Alicheka tu, na mimi nikacheka pamoja naye.

Hapo suala la kurudia mtihani likaniamkia upya, na sasa lilikuwa gumu zaidi. Nisiporudia, amepata alichotaka na zaidi. Nikirudia, desturi inataka nikamwombe yeye ruhusa na dua, nikapige magoti mbele ya mtu yule na kusema "mjomba, naomba". Kuna siku nilitaka kurudia ili tu nimwone uso wake matokeo yakitoka. Nikajiuliza: binti, unataka chuo, au unataka uso wa mjomba? Nilikuwa na hasira mpaka nikawa najichoma vidole kwa sindano ya cherehani yake.

Nikaenda Mpapura kwa mama. Nilitaka aniambie rudia. Neno moja tu kutoka kwake, na mjomba angekuwa si kitu. Nilimkuta uani anamenya mihogo, nikachukua kisu nikakaa naye, nikamweleza yote: kahawa, chakula cha usiku ule, kanga ya bibi. Nikamwambia, "Mama, kaka yako amenisaliti."

Mama hakushtuka. Alichagua muhogo mwingine.

"Njomba ako hakufanya peke yake," alisema kwa Kiswahili chake cha Mpapura. "Alikuja hapa, ile wiki ya ntihani. Nkewe alishafunga mizigo. Alisema, kama ntoto wake atawekwa nyuma mara hii tena, yeye anarudi kwao. Kaka yangu alikaa hapo ulipokaa wewe, analia. Nikamwambia, kama wote watafaulu utasemaje? Basi ntangulize wako. Wa kwangu tutajua la kufanya."

"Ulijua kwamba atanificha saa?"

"Saa sikuijua. Nilijua hutakwenda chuo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyoambiwa. Nilimtazama mikono yake, inavua ganda la muhogo kipande kizima bila kukatika.

"Na mimi, mama, ni mtoto wa nani?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua.

"Wangu," alisema. "Ndiyo maana niliweza kukutoa. Yule si wangu, ningentoaje?"

Nilimenya mihogo ile mpaka ikaisha, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Kwa mjomba nilikuwa na hasira, na hasira unaweza kuibeba ukatembea nayo. Kwa mama sikuwa na jina la kile nilichokuwa nacho. Alinikaangia dagaa, nikala. Akaniuliza kama wa Mikindani ni watamu kuliko wale, nikasema hapana.

Mtihani niliurudia. Niliamua njiani nikirudi Likombe, na haikuwa kwa ajili ya uso wa mtu yeyote. Niliona kwamba hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuulizwa, na mtu asiye na wa kumuuliza anaamua upesi. Ada ya mtihani niliitoa kwenye sare za shule. Saa nilikwenda kuiuliza mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu, siku moja kabla ya mtihani nikaenda tena, na usiku nikalala kwa rafiki yangu karibu na shule. Nyumbani nilisema nimepata kazi ya kushona magauni ya harusi. Hesabu nilizifanya zote, nikarudi nyuma nikazihakiki, na bado muda ukabaki.

Matokeo yalipotoka nilikwenda Mpapura kumuaga mama, nikiwa na begi tayari, tiketi ya meli, na ada ya muhula wa kwanza niliyoiweka kwa kushona. Ndipo alipojua. Alisimama mlangoni, unga wa muhogo mikononi, akatafuta pa kushika.

"Ulifanya lini?"

Nikamwambia siku.

"Mimi mama yako," alisema. "Siku kubwa namna hiyo, hata kuniambia nikuombee dua?"

Nikaona ameumia, ameumia kweli, machozi yalimlengalenga. Nilikuwa na jibu. Nililifikiria tangu siku ya mihogo, nimelinoa na kulinoa. Lakini alikuwa ananitazama vile vile nilivyomtazama mimi siku ile, kama mtu anayetafuta kosa lake halioni, nikaelewa kwamba hatalielewa hata nikilisema.

Nikamwambia, "Niombee sasa, mama. Meli ni kesho." Akaniombea, mikono yake ya unga juu ya kichwa changu, nami nikaitikia amina, bila kumwambia ni saa ngapi.