Maziwa Aliyonyimwa Mama

Miaka ile ya mwisho ya tisini, mama yangu, mfugaji wa Garsen aliyekulia kwenye maziwa, alikatazwa maziwa. Kila tumbo lilipomsokota akatapika, kwenye zahanati walisema ni maziwa mabichi. Nasi tukamnyima. Akawa anakama ng'ombe wake mwenyewe na kuwapa wageni, huku yeye akimeza kidonge cha presha kwa chai ya rangi. Na tumbo halikukoma! Tukihangaika na tope mpaka hospitalini, tunafika maumivu yameshapoa, picha haionyeshi kitu. "Ni maziwa," wanarudia.

Siku moja tumbo lilimshika tukiwa Mombasa, akapigwa picha bado anajikunja. Daktari akatuonyesha utumbo uliovimba, kuta zake zimejaa maji. Hakuuliza amekula nini. Aliuliza anameza dawa gani. Kumbe ni kile kidonge cha presha kilichouvimbisha utumbo! Akambadilishia, na tumbo likatulia.

Nilifoka juu ya wale wa zahanati mpaka nikakauka koo. Mama alingoja nimalize, kisha akaniuliza, "Na yule ng'ombe mweupe niliyemuuza kwa uchungu wa kumkama bila kuonja, nani atanirudishia?"