Fadhul na Maji ya Kifuani

Fadhul alipopewa duka kule Old Kampala, hakuna aliyeshangaa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, tena si mpigaji wa kusifiwa. Wahindi walipokwisha kufukuzwa na maduka yao yakaanza kugawiwa, alipanga foleni akiwa na sare ya bendi mwilini, vifungo vikimeta, kwa sababu alikuwa ametoka kupiga tarumbeta mazishini na hakuwahi kubadili nguo. Ofisa mgawaji aliviona vile vifungo, akasimama wima, akampigia saluti na kumkabidhi funguo. Fadhul akarudisha saluti. Alidhaniwa nani, hakujua, na hakuwa mjinga kiasi cha kuuliza.

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya michezo, na mle ndani vitu alivyovijua ni mipira tu. Pedi za miguu za mchezo wa kriketi aliwauzia warina asali. Vile vimpira vyenye manyoya aliwauzia maharusi, wakavitundika ukutani. Miwani mikubwa ya kioo yenye mkanda wa mpira aliwauzia akina mama wakatie vitunguu, na akala kiapo kwamba ndiyo kazi yake. Mafutamingi, kama watu walivyowaita matajiri wapya wa maduka, walikuwa na sheria moja tu: usikubali hata siku moja kwamba hujui kitu kilichomo dukani mwako. Jirani yake alikubali mbele ya wateja, na wiki iliyofuata duka lake likawa la shemeji wa mkubwa fulani.

Ndipo siku moja akaingia Meja Kamis wa kambi ya jeshi ya Mbuya, pamoja na mke wake mpya, Rukiah. Meja akainua miwani moja na bomba lake.

"Hii kitu iko ya nini?"

Fadhul alikuwa amefungua kinywa kutaja vitunguu, lakini Rukiah akamwahi. "Iko ya kuangalia samaki ndani ya maji. Mimi naliona kwa gazeti. Na hii bomba iko ya kuvuta hewa."

"Kabisa, madam," akasema Fadhul. "Ya samaki."

"Wewe najua kutumia?" Meja akauliza.

"Afande, mimi nazaliwa na hii kitu."

Ulimi wa Fadhul ndivyo ulivyo, hutangulia mbele, akili ikija nyuma imechelewa. Meja akamtazama kwa furaha. "Basi Jumapili napeleka sisi kwa kisiwa. Wewe nafundisha mimi, bibi yangu naangalia. Kama nadanganya, hii duka iko na watu mingi nataka."

Maji mengi kuliko yote ambayo Fadhul aliwahi kuingia kwa hiari yake ni ya beseni. Alipomweleza mkewe Nusura, mama huyo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla. "Na duka, Baba Zaituni? Tukirudi Bwaise, mvua ikinyesha tunalala juu ya meza tena?" Fadhul aliogopa, na aliona haya kwamba aliogopa Bwaise zaidi kuliko kuzama.

Jumapili wakaondoka Port Bell kwa mashua ya tanga iliyoachwa na Wazungu, ambayo sasa ilikuwa ya Meja kwa njia ambayo hakuna aliyeiulizia. Nahodha alikuwa Kizza, mvuvi wa Ggaba. Mbele alikaa Rukiah na dada zake wawili, vitenge vikipepea, sufuria ya kuku katikati yao. Nyuma alikaa mwalimu wa kuzamia, mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao. Hawakuwa wamefika mbali alipotapika. Dada mmoja akauliza kama hayo nayo ni sehemu ya mafunzo, na Fadhul akasema ndiyo, tumbo jepesi huelea vizuri. Hata yeye alijistaajabia.

Kisiwa hakikuwa na mtu. Palikuwa na mchanga mweupe, mawe makubwa, korongo wachache, na kimya ambacho mtu wa Kampala wa siku zile alikuwa amekisahau, kimya kisicho na lori wala bunduki. Kizza akamsogelea Fadhul, akamnong'oneza kwa huruma: "Ssebo, bwana, hapa maji si lefu. Nasimama tu."

Maneno hayo yalimwokoa. Fadhul akavaa miwani na bomba, akaingia mpaka kwenye kina cha magoti, akalala kifudifudi na kuanza kutembea kwa mikono juu ya mchanga, huku miguu ikipigapiga nyuma. Ukiwa ufukoni ungeapa kwamba mtu anaogelea. Mwenyewe alijua kwamba ni mzee mwenye kitambi anayetambaa ziwani. Lakini alipofungua macho aliona samaki wadogo wa buluu, wengine wenye mapezi mekundu, wakipita mbele ya pua yake bila kumjali, na akafurahi. Alifurahi kama ambavyo hakuwa amefurahi kwa miaka, akasahau duka, Meja na Bwaise. Alipoinuka, akina dada walimpigia makofi.

Lakini zamu yake ilipofika, Meja hakutaka tena mkewe amwone akiwa mwanafunzi. Akamvuta Fadhul wakazunguka nyuma ya jiwe, maji yakawafika kifuani. Bastola aliiacha ufukoni juu ya nguo zake. Akainamisha kichwa, bomba likaingia maji, na hapo yule mwanamume mkubwa akarusha mikono huku na huko, akapiga ukelele uliosikika kisiwa kizima:

"Mama yangu! Mama yangu, nakufa!"

Fadhul akamshika kwapani, akamsimamisha. Basi, ikawa imekwisha. Meja alikuwa wima, anakohoa, maji kifuani. Upande wa pili wa jiwe Rukiah akaita: "Nani nalia?"

Meja aligeuka. Alimtazama Fadhul. Fadhul alikuwa ameona macho ya wakubwa wenye hasira, lakini ya mkubwa aliyeonekana akiogopa hakuwahi kuyaona, na haya yalimtisha zaidi. Aliona kwamba jambo sasa si duka tena. Kwa mara ya kwanza akili yake ikautangulia ulimi.

"Iko mimi, madam!" akapaza sauti. "Mimi nazama! Afande naniokoa!"

Akalegeza magoti, akajiachilia. Meja alisita kidogo, kisha akamwinua, akamtupa begani na kumbeba mpaka mchangani. Fadhul alikohoa, akatoa shahada, akaomba akazikwe kwao Bombo. Labda alizidisha, kwa sababu akina dada walicheka mpaka kuku akaungua. Rukiah alimtazama mumewe kwa macho laini. Jioni, mashuani, Meja alimpa Fadhul paja zima, naye akalila lote.

Tangu hapo habari ikaenea. Watu walikuja dukani kumwona mwalimu aliyezama kwenye maji ya kifuani, na wakija hawakutoka mikono mitupu. Fadhul aliwasimulia alivyotapatapa, alivyolia, na kila siku alijipunguzia heshima kidogo na kumwongezea Meja misuli. Kisha Meja akaleta salamu: Ijumaa angekuja na maofisa wenzake, nao waisikie kutoka kinywani mwake.

Siku hiyo ya salamu, mchana, wakiwa mezani, Fadhul alimfanyia Nusura mazoezi. Alipofika pale pa ukelele, Nusura akaweka kijiko chini.

"Uliita nani?"

"Mama yangu."

Mama yake Fadhul alifariki akimzaa, na aliyemlea ni bibi yake huko Bombo. Katika miaka yote ya ndoa yao, nyoka apite, risasi zilie, ndoto mbaya imjie, Fadhul huita Haboba, yaani bibi. Neno mama halikuwahi kumtoka.

Mkewe akamtazama, naye Fadhul akaona kwamba ameelewa aliyelia ni nani. Nusura akainuka, akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio.

"Hao maofisa wengine ni watoto wa Bombo," akasema chinichini. "Wanajua nani alikulea, na neno lililosikika kisiwani huwezi kulibadili. Sema tena."

"Mama yangu."

"Hapana. Hiyo ni ya kumtuma mtu chumvi. Tena."

"Mama yangu!"

"Tena, Baba Zaituni. Nakuomba."

Fadhul alitaka kufanya mzaha, ukakataa kuja. Akafumba macho, akautafuta uso ambao hakuwahi kuuona, na safari hii neno lilitoka limevunjika katikati, machozi yakalifuata.

Nusura akamshika mkono. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo utawapa Ijumaa."