Jeu Mupya, Boîte Bila Disque

Niko na hasira, bandugu!

Bwana yangu anachimbaka cobalt ku Kambove. Jana njo ilikuwa siku yake moja ya kupumuzika, na tulipanga kucheza jeu mupya ya mupira ku console yetu.

Tulifungua boîte: hamukukuwa disque!
Ilikuwa tu karatasi ya code, eti tutélécharger jeu ku internet.
Na connexion ya hapa Panda, ku Likasi, munaijua: inatambeaka polepole sana!

Nikapigia muuzaji simu.
"Lakini mama, critiques yote ya ku internet inasema ni jeu muzuri!"
Nikamuuliza: "Bale balioandika izo critiques, banaishi Panda?"
Akakata.

Kesho yake saa kumi ya asubui bwana yangu akavaa buti, arudie ku kazi. Téléchargement ya jeu ilikuwa imefika asilimia ine tu.
"Cobalt ya hizi machine tunabachimbia siye," akasema, "lakini kucheza, hapana."

Nyinyi mungemujibu nini?