Jani la Védastine Linalolaza

Védastine wa Bweyeye hakuwahi kumwambia mtu jina la jani lake. Alilichuma pembeni mwa msitu wa Nyungwe kwa mkono wa kushoto, bila kusema neno, na akiulizwa ni nini alijibu, "Ni jani. Kunywa." Shule aliiacha baada ya mwaka mmoja, kwa sababu mwalimu alimwita mjinga mbele ya wenzake, na mpaka uzee wake hakumsamehe.

Basi mwezi wa tatu, Aurore, binti wa maabara aliyekuwa amechukua majani yake kuyapima, alipopanda tena ile barabara mbovu, Védastine alimpokea amekaa wima kitini, majirani wamejaa uani.

"Maman Védastine, ndani ya jani lako tumepata kitu. Kwenye chupa, kinalaza virusi vya SIDA, ukimwi. Lakini..."

"Mumesikia?" Védastine aliwageukia majirani. "Nanyi muliniita mulozi!"

Hiyo "lakini" ilizama katika vigelegele. Pale kilimani homa ikilala imekwisha. Hakuna anayeuliza itaamka lini.

Mwezi wa sita Aurore akarudi kuomba majani mengine. Mama akampa habari kwa majivuno: Mutoni, mke wa mwanawe, mwenye virusi hivyo, ameacha vidonge vya hospitali. Anakunywa jani tu, na ananenepa na mimba yake ya miezi minane.

Aurore akaweka kikombe chini.

"Maman, sikusema kinaua. Virusi vinaingia mwilini kama muntu mwenye barua. Mwili unaisoma, unatii, unatengeneza virusi vingine. Kitu cha jani lako labda kinafunika barua isisomwe. Lakini barua iko."

"Na kikiacha kufunika?"

"Inasomwa. Tena hatujajaribu ndani ya muntu hata mumoja. Ni kwenye chupa tu."

Sandukuni mwa Védastine kulikuwa na barua ya marehemu mume wake, ambayo kwa kiburi hakumpa mtu amsomee. Miaka kumi na tisa. Aliyoyaandika mume mule hayakufutika kwa sababu yeye hakuyasoma.

Alichukua fimbo yake akashuka kwa Mutoni bila kuaga. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msituni mchana huo, umefunika migomba. Mutoni alikuwa mlangoni akimenya maharage.

"Kesho nitajipikia dawa mwenyewe, Maman. Wewe pumzika."

"Hautakunywa tena. Vidonge biko wapi?"

Mutoni akacheka. "Yule binti amekunyang'anya jani? Ni wewe ulisema virusi vimelala."

"Nilisema vibaya."

Neno hilo Mutoni hakuwahi kulisikia katika kinywa kile. Kicheko kikakatika.

"Nilivitupa chooni," akasema. "Vyote. Nilikuwa na hakika, Maman. Ulisema wewe."

"Simama. Vaa viatu."

Walitembea saa mbili mpaka kituo cha afya, mama mbele, Mutoni nyuma akisimama kila mara kuvuta pumzi. Muuguzi Munyemana alifungua daftari.

"Umeacha tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Kalamu ikasimama. "Nani alikuambia uache?"

Mutoni akatazama sakafu. Védastine angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemtaja.

"Mimi," akasema. "Andika jina yangu. Halafu mupe dawa, muache kuniangalia."

Munyemana akampa Mutoni kidonge, akamtazama mpaka amekimeza, kisha akamtoa damu. Damu itapelekwa maabara ya Kamembe, akasema, wajue virusi vimeongezeka kiasi gani, na wajue mtoto alindwe vipi akizaliwa. Majibu yatarudi baada ya wiki mbili.

"Na kidonge kimoja kinatosha?"

"Hapana, bibi mukecuru. Virusi vinahitaji muda kushuka. Wiki nyingi. Tuombe mutoto asiharakishe."

Védastine alijiona kama aliyebeba chungu cha moto asichoweza kukitua. Akamshika Mutoni mkono amsaidie kuinuka. Mkono ulikuwa umelowa jasho.

"Maman," Mutoni akasema polepole, "kutoka tulipovuka daraja, mugongo inanikaza. Inaacha, halafu inarudi."

Munyemana akalifunga daftari, akaenda kufungua chumba cha kuzalia.