Jeti Niliyobadilisha Bila Kumwambia Mtu

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja ya ujana wangu nimesimama kwenye mchanga wa Kigamboni, siku ya mashindano ya pikipiki, mikono imejaa oili, nasubiri kusifiwa. Wewe unayeniletea hizi pikipiki kuukuu za mashindano hapa Temeke unanijua kama Mama Fundi, mtu wa kutega sikio mara moja na kukwambia kabureta inataka nini. Siku hiyo nilikuwa Rehema tu, binti wa mwalimu aliyetuhamishia Kimara kutoka Iringa, na nilikuwa na mwaka wa pili kwenye karakana ya Mzee Nassoro.

Mzee huyu alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Temeke, ukoo wao ukiuza vipuri tangu enzi za babu yake. Watu walipomuuliza kwa nini kamchukua msichana, aliwajibu, "Ana masikio mazuri kuliko nyie wote." Nami nikavimba kichwa, nisikufiche.

Alikuwa na pikipiki moja nyekundu ya tu-stroku, zile ambazo oili huchanganywa kwenye petroli. Aliyeiendesha ni Hamisi, kijana mpole wa Tabata. Kazi ya kabureta ilikuwa yangu. Ndani yake ndimo ilimo jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kinachopima petroli ya kuingia kwenye injini. Tundu likiwa kubwa mno, injini inakohoa na kutoa moshi. Likiwa dogo mno, inalia kwa ukali wa kupendeza kabisa, huku ndani inaungua, maana petroli ikipungua na oili imepungua.

Hayo yote niliyajua. Ila asubuhi ile watu walikuwa wameizunguka pikipiki ya wapinzani wetu, wakisifu inavyolia. Wivu ukanishika. Mzee alipokwenda kusalimiana na wenzake, nikatoa jeti yetu, nikafunga ndogo zaidi. Nikapiga kiki. Ikalia hiyo! Shingo zikageuka. Sikuijaribu kwa mwendo, wala sikuchomoa plagi kutazama rangi yake. Zile shingo zilinitosha.

Mzunguko wa tatu, Hamisi akiwa wa pili, injini ikakata ghafla. Gurudumu la nyuma likagoma, naye akarushwa kupita usukani. Aliinuka akichechemea, kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Tukafungua injini pale pale: pistoni imechubuka na kugandiana na silinda.

"Oili kachanganya nani?" Mzee akauliza.

"Mie, Mzee," Hamisi akajibu.

"Basi uliweka kidogo."

Hamisi akainamisha kichwa. "Labda nilikosea kipimo. Naomba radhi."

"Mashindano yajayo ataendesha mwingine."

Mwanangu, jeti ya zamani ilikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyeniona. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo, na Hamisi angeishi akiamini kosa ni lake. Nilimtazama alivyoushika ule mkono, akijilaumu bila hata kubisha, nikaingiza mkono mfukoni.

"Mzee, siyo oili," nikasema. "Ni mimi. Nilibadilisha jeti." Nikafungua kiganja.

Fundi mmoja kati ya waliotuzunguka akacheka. Mzee akaichukua, akaitazama kwenye mwanga.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ilie vizuri."

"Ilie vizuri masikioni mwa nani?" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Hamisi kakukabidhi shingo yake, wewe umeichezea ili usifiwe na watu hata jina lako hawalijui. Mwombe radhi hapa hapa, mbele yao."

Nikamgeukia Hamisi, nikaomba. Nilijua kazi imekwisha. Mzee akanirudishia ile jeti, akasema, "Kesho uje mapema. Injini utaifungua wewe, na utaifunga wewe."

Kwa wiki kadhaa nilijifunza upya, jeti moja baada ya nyingine. Unavuta mafuta mpaka mwisho kwenye njia iliyonyooka, unazima, unachomoa plagi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi; nyeusi yenye majimaji, imezidi. Nilitafuta kahawia mpaka nikaipata, na kila nilichobadilisha nilimwambia Hamisi kabla hajapanda.

Mashindano yaliyofuata, mkono wake ulikuwa umepona na pikipiki karudishiwa. Fundi yule aliyecheka akaja kujitolea kutuwekea sawa kabureta. Hamisi akamwambia, "Hapana, braza. Afunge Rehema. Yeye akikosea, atasema."

Alimaliza wa nne. Nimefunga pikipiki zilizoshinda tangu hapo, tena nyingi, lakini hakuna siku nimetembea kifua mbele kama siku ile ya nafasi ya nne.

Basi ninachokwambia ni hiki. Jivunie kazi yako, mie sikukatazi, mie mwenyewe najivuna mpaka leo. Lakini ijaribu kabla hujaisifia. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa mzigo wako. Aibu ya kusema nilidhani itanimaliza, kumbe ndiyo iliyofanya watu waniamini.

Nenda mwanangu. Mungu akujalie mikono tulivu na ulimi usioogopa kweli, na kila atakayepanda kazi yako afike kwao mzima, akutaje kwa wema.