Opereta asiyeona aliyewatoa wenzake kwenye barua zisizofungika

Saa moja na nusu asubuhi, taa ya chumba cha simu katika hospitali ya mji mdogo wa Dolna Slivitsa haijawashwa, wala haitawashwa. Mladena Tsolova anatundika koti nyuma ya mlango, anapapasa ukingo wa meza, anaketi. Kisikizi anakivaa sikio la kushoto. La kulia analiacha kwa ajili ya simu.

Anabonyeza kibodi. Sauti ya mashine, kavu na ya haraka kama ya mtu anayekimbilia basi, inaanza kumsomea barua pepe zilizoingia tangu jana. Anasikiliza huku akimega banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, aliyonunua kituoni. Barua ikiisha, vidole viwili vinashuka kwa pamoja, na dirisha linafungwa. Inafuata nyingine.

Kipanya hana. Waliwahi kumpa kimoja mwaka walipoleta kompyuta, akakirudisha stoo.

"Niliwaambia, huyu mnyama sina kazi naye," anasema, na kucheka kidogo. "Kishale kinakwenda wapi, mimi nitajuaje?"

Mladena ana miaka hamsini na mitatu. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na kumi na saba. Alisomea kazi ya opereta pamoja na wasioona wenzake, na tangu hapo, miaka thelathini sasa, amekuwa sauti ya kwanza anayoisikia yeyote anayepigia hospitali hii ya vitanda themanini. Kwa siku hupokea simu mia moja na arobaini hivi. Mshahara wake ni wa kima cha chini. Mumewe Lyuben, ambaye naye alikuwa haoni na alikuwa akitengeneza brashi, alifariki kwa nimonia majira matatu ya baridi yaliyopita, ghorofa moja juu ya chumba hiki.

"Nilikuwa napokea simu," anasema. "Muuguzi akaja akanishika bega. Nilijua kabla hajasema."

Chumba chake kina sifa ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya hospitali. Ndimo wafanyakazi wanamokuja kulia. Hakuna wa kuwaona.

Alhamisi moja mwanzoni mwa vuli, aliyeingia kulia alikuwa Ralitsa, karani wa mapokezi mwenye miaka ishirini na saba. Mladena alimtambua kwa mlio wa viatu vyake.

"Keti. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, dada Mladena. Bado."

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu ya wiki hiyo, programu ya barua pepe ilikuwa imejisasisha yenyewe katika kompyuta zote za hospitali. Ilipofunguka tena, vile vitufe vitatu vya kwenye kona ya juu ya dirisha, cha kulishusha, cha kulikuza na cha kulifunga, havikuwepo. Ukifungua barua, ilitanda skrini nzima na kuganda hapo. Orodha ya wagonjwa ilibaki imefichwa nyuma yake, na wagonjwa wenyewe wamesimama mbele ya meza.

Ralitsa aliona njia moja tu: kuizima kompyuta na kuiwasha tena. Kila mara dakika sita. Siku ya kwanza aliizima mara kumi na moja. Fundi wa mkoa alipopigiwa alisema atafika wiki ijayo.

Kuanzia Jumanne Ralitsa akaacha kufungua barua ovyo. Alisoma vichwa vyake tu, akafungua zile zilizoonekana za haraka, nyingine akaziweka kiporo.

Moja ya viporo hivyo ilitoka hospitali kubwa ya upasuaji katika mji mkuu. Kichwa chake kilikuwa na namba tupu. Ndani ilisema kwamba kitanda kimepatikana kwa ajili ya Ivelina Kostadinova, mwenye uvimbe kwenye kongosho, na kwamba jibu litolewe kabla ya Jumatano saa sita mchana. Ralitsa aliifungua Alhamisi asubuhi. Kitanda kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine.

"Kwa nini hukuifungua siku ile ile?" Mladena alimuuliza.

"Ukiifungua haifungiki!"

"Haifungiki vipi? Mimi nafunga tangu asubuhi."

"Msalaba haupo, dada. Ule wa juu kulia."

"Msalaba gani?"

Kwa maelezo yake mwenyewe, Ralitsa aliacha kulia kwa mshangao. Ilibidi amweleze mwenzake, aliyetumia kompyuta miaka kumi na miwili, kwamba watu wengine hufunga barua kwa kubofya alama ya msalaba. Mladena hakuwa amewahi kuisikia. Vitufe vilivyopotea siku ya Jumatatu, kwake havikuwahi kuwepo.

Alisimama, akashika kiwiko cha Ralitsa, wakaenda mapokezi.

"Barua iko wazi?"

"Iko wazi, imejaa skrini yote."

"Lete mkono." Akauweka juu ya kibodi. "Shika Alt kwa kidole gumba. Usiachie. Sasa kule juu kabisa, F4."

"Imefungika!"

"Polepole. Ukifanya hivyo ukiwa kwenye dirisha kubwa lenye barua zote, utaifunga programu nzima, kisha utakuja kulia tena. Hiyo ni kwa barua moja tu iliyo wazi. Kama hutaki kufunga, unataka kuwaona wagonjwa wako nyuma, shika Alt uguse Tab. Unahama. Ukigusa tena, umerudi. Kulishusha dirisha, kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na mshale wa chini. Likikaidi, rudia. Kulikuza, mshale wa juu."

Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mmoja akasema, "Jamani, tuna macho manane hapa tukihesabu na miwani." Hakuna aliyecheka sana. Wote walikuwa wameshasikia habari za kile kitanda.

Jambo gumu zaidi lilikuwa bado. Dakta Gunchev, mkurugenzi wa hospitali, aliwaita wote wawili ofisini kwake saa tano. Alikuwa tayari amezungumza na mji mkuu, na Ivelina alikuwa amewekwa wa kwanza kwenye orodha inayofuata. Akapendekeza mgonjwa aambiwe tu kwamba orodha imesogezwa mbele.

"Kwani ni uongo?" aliuliza. "Si imesogea kweli?"

"Imesogea kwa sababu yetu," Mladena alimjibu.

"Tsolova, mama huyu ana shida za kutosha. Tumwongezee nini?"

"Daktari, nitakayempigia ni mimi. Tangu Machi ananipigia kila wiki, 'Dada, barua imekuja?' Nami namjibu, 'Bado, mpenzi.' Sauti yangu anaijua. Siwezi kumdanganya kwa sauti hii hii. Ukitaka, mpigie wewe."

Dakta Gunchev, ambaye hakukataa kuulizwa na mwandishi huyu, anasema alisogeza simu upande wa Mladena.

Mladena alimpigia Ivelina, akasema yote. Kwamba barua ilikuja Jumanne, kwamba haikufunguliwa, kwamba kosa ni la hospitali. Ralitsa alisimama pembeni, na mwishowe akaomba apewe simu aseme mwenyewe jina lake.

Ivelina ana miaka thelathini na sita, ni mwokaji mikate, na ana mabinti wawili. Anakumbuka kwamba aliuliza neno moja tu: "Lini?" Alipoambiwa hakuna tarehe, akakata simu.

Kesho yake alikuja hospitali, akiwa bado na unga kwenye mikono ya sweta. Alimkuta Ralitsa mapokezi, na maneno aliyomwambia, anasema, hayafai kuandikwa gazetini. Ralitsa hakujitetea. Halafu Ivelina akaingia chumba cha simu, akakaa kwenye kiti cha wanaokuja kulia, na kulia kama wengine wote. Mladena alipokea simu tatu huku amemshika mkono.

Ivelina alifanyiwa upasuaji baada ya siku ishirini na sita. Je, siku hizo zimebadilisha kitu? Madaktari wanasema hawawezi kujua. Vipimo vitarudiwa mwezi wa Machi.

"Sijawasamehe," Ivelina anasema, ameketi kitandani kwake, amekonda, kikombe cha chai ya maua ya mti wa mlindeni mapajani. "Sisemi uongo. Lakini waliniambia. Wangenificha, ningekuwa mpaka leo najilaumu mwenyewe, kwamba labda sikupiga simu vya kutosha."

Vitufe vya kwenye kona vilirudishwa siku ya tisa. Fundi alichukua dakika kumi. Ralitsa hajavitumia tangu hapo. Kipanya chake amekisukuma nyuma ya kikombe cha kalamu.

Kwa Mladena, vuli hii imekuja na habari nyingine. Kuanzia Januari hospitali itaweka mashine ya kupokea simu, ile ya bonyeza moja, bonyeza mbili, na nafasi ya opereta itafutwa. Barua ya kumjulisha alisomewa na ile ile sauti ya mashine, katikati ya barua nyingine za asubuhi.

"Niliifunga," anasema. "Halafu nikaifungua tena, kuhakikisha."

Ameandika barua yake kwenda idara ya afya ya mkoa. Anaomba chumba kimoja na alasiri mbili kwa wiki, awafundishe makarani wa zahanati sita za jirani kuendesha kompyuta kwa kibodi peke yake. Hawajamjibu. Dakta Gunchev amemwahidi chumba hata kama mkoa utakataa, ingawa mshahara hawezi kuuahidi.

Darasa la kwanza amelipanga wiki ya pili ya Januari. Makarani tisa wamejiandikisha, na Ralitsa atakuwa msaidizi. Mladena amemwomba Ivelina naye aje, azungumze kwa dakika tano kabla mtu yeyote hajagusa kibodi.

Ivelina hakusema ndiyo wala hapana. Alisema itategemea atakavyoamka siku hiyo.

"Basi hiyo inatosha," Mladena anasema, akivaa tena kisikizi chake. "Nimemwekea kiti. Asipokuja, nitawaambia ni cha nani."