Jina Alilolikimbia Mama Dong-sik

Chekechea yetu ilipobakiwa na watoto watatu, mwenye jengo aliigeuza kituo cha kutunza wazee mchana. Viti vidogo vikatolewa, vikaingia vikubwa. Mimi nikabaki na daftari langu la mahudhurio. Kazi ni ileile: wanalala baada ya chakula na wanagombania kiti cha dirishani.

Siku ya kwanza niliita majina. "Bak Mal-sun." Kimya. Nikarudia kwa sauti ya kumwitia kiziwi. Ajuza wa miaka themanini na moja, ambaye mji mzima unamjua kama Mama Dong-sik, akachukua mkoba wake na kumwambia dereva wa kituo amrudishe nyumbani. Nilimkimbilia. Anaishi peke yake, na majira ya baridi yaliyopita alianguka jikoni akakaa sakafuni nusu siku. Sikutaka arudi kule kwa sababu ya mdomo wangu.

Akaniambia kuwa maana ya Mal-sun ni binti wa mwisho. Alizaliwa msichana wa nne, na baba yake akampa jina hilo ili wasichana wakome. Wakaja wengine wawili kabla ya mvulana. "Kila nikiitwa hivyo nasikia, 'Inatosha bwana,'" alisema. Alipomzaa Dong-sik watu wakaanza kumwita kwa jina la mwanawe, naye akalitupa lile la baba. Niliahidi kutolitamka tena, akashuka garini.

Akabaki, na akanilipizia. Mimi nina miaka arobaini na mbili na sina mtoto, naye ulimi wake hauna breki. Kila siku aliniuliza mbele ya wenzake mimi ni mama nani. Siku moja, nikimkata kucha, nikamweleza: kodi ya nyumba mjini ilimeza mshahara, mume wangu alikuwa akirudi saa tatu usiku, na mimi hadi jioni nilikuwa nikiwafuta kamasi watoto wa watu. Miaka ikapita hivyo.

"Kwa hiyo watoto wa wenzio wamewala wako," alisema.

Nilikasirika, kisha nikacheka. Yeye mwenyewe alizaa wawili tu, maana enzi hizo watu wa afya walipita mlango kwa mlango wakisema wawili wanatosha. Dong-sik akapata mmoja, binti, Ha-yeong, anayefanya kazi Seoul.

Baada ya sikukuu ya mavuno alirudi ametulia mno, nikaogopa anaumwa. Kumbe Ha-yeong ametangaza mezani kwamba hatazaa. Baba yake alifoka, mama yake akalia, kisha wote wakamgeukia bibi amkaripie mjukuu. Yeye alikuwa anamenya peasi.

"Nikamuuliza, 'Una raha, mjukuu wangu?' Akasema anayo. Nikamwambia basi ale peasi. Binti wa mwisho ndiye huyu, Mwalimu. Baba yangu alimtafuta kwa mabinti sita. Anaendesha gari lake, anacheka kwa sauti, na mimi nampenda kuliko wote. Sasa aibu yake nini?"

Nilimmiminia chai.

Kesho yake niliita majina kama kawaida. Nilipofika kwake nikasema, "Mama Dong-sik." Hakuitika. Aliketi wima, mikono juu ya mapaja.

"Soma kilichoandikwa," akasema.

Nikasoma. "Bak Mal-sun."

"Nipo."